Zapier, Make, n8n, AppSheet au Bubble? Tazama kwanza inavyohesabu

Uliza mahali popote zana gani inafaa kutengenezea aplikesheni bila kuandika msimbo, utapewa majina kumi na tano, na nusu yake hayafanyi kazi moja. Huyu atakutajia Zapier, yule Bubble, kana kwamba zinagombea soko moja. Hazigombei. Bubble, AppSheet, Glide, Power Apps na FlutterFlow hutengeneza kile mtu anachokiona na kukigusa: kurasa, vitufe, fomu, orodha. Zapier, Make, n8n na Power Automate hukaa nyuma ya pazia zikibeba taarifa kutoka programu moja kwenda nyingine pale jambo fulani linapotokea. Mara nyingi mtu anahitaji moja ya kila upande, na mabishano mengi ya "ipi bora" yangeisha mapema kama kila mmoja angetaja kwanza anazungumzia upande upi.

Matangazo yao hayasaidii kuchagua kwa sababu yote yanasema lilelile: buruta, dondosha, umemaliza. Idadi ya miunganisho nayo haina uzito inaopewa. Zapier inajivunia maelfu ya programu inazoungana nazo, na hapo kweli hakuna anayeifikia, lakini wewe unatumia sita, na sita hizo karibu kila mmoja anazo. Mimi hutazama zana inahesabu nini inapokutoza, inafanya nini kazi ikikatikia njiani, na siku ukitaka kuhama unatoka na nini mkononi.

Kila mmoja na mizani yake

Chukua mtiririko mmoja mdogo wa kazi. Mtu anajaza fomu ya kujiandikisha kwenye mafunzo. Jibu likiingia, mfumo unaangalia kama ameweka barua pepe. Asiye nayo anaachwa. Mwenye nayo anaandikwa kwenye lahajedwali, anatumiwa barua ya kuthibitisha, na ujumbe mfupi unaingia kwenye kikundi cha waandaaji. Tuseme fomu ni 1,000 kwa mwezi wa siku 30, na zote zina barua pepe.

Zapier huhesabu kila hatua iliyofanya kitu ikafanikiwa, na kila moja huiita taski. Kichochezi, yaani jambo linaloanzisha mtiririko, hakihesabiwi. Kichujio, kinachoamua nani apite, nacho hakihesabiwi. Zinabaki hatua tatu, hivyo ni taski 3,000.

Make huhesabu kila moduli, ndivyo inavyoita hatua, inapofanya kazi, kichochezi kikiwemo. Vichujio vyake hukaa kwenye mstari unaounganisha moduli na havitozwi. Kama fomu inaleta taarifa yenyewe kupitia webhuku, yaani anwani ya wavuti inayosubiri kugongwa, kila jibu linakula operesheni nne: 4,000 kwa mwezi. Lakini kama Make ndiyo inayokwenda kuchungulia kila baada ya dakika 15, kila uchunguliaji ni operesheni moja hata ikikuta patupu. Hizo ni 96 kwa siku, 2,880 kwa mwezi. Ongeza hatua tatu za kila fomu, jumla inafika 5,880. Kifurushi cha bure cha Make kina 1,000 kwa mwezi, maana yake kuchungulia peke yake kunakimaliza siku ya kumi na moja, hata kama hakuna fomu moja iliyoingia. (Mwaka 2025 Make ilianza kuita kipimo hicho krediti. Kwa moduli nyingi operesheni moja bado ni krediti moja. Zile za akili mnemba ndizo zenye hesabu zake.)

n8n ya wingu, yaani inayoendeshwa kwenye seva zao, huhesabu safari nzima. Mtiririko uwe na hatua tatu au thelathini, umeanza ukaisha, ni moja. Kwa hiyo 1,000. Na ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe, hakuna wa kukuhesabia.

| Zana | Kinachohesabiwa | Fomu 1,000 | Barua kwa orodha ya watu 200, mara moja |
|---|---|---|---|
| Zapier | hatua iliyofanikiwa | 3,000 | takriban 200 |
| Make | moduli kila inapofanya kazi | 4,000 hadi 5,880 | zaidi kidogo ya 200 |
| n8n ya wingu | safari nzima | 1,000 | 1 |

Tahadhari: hizi si bei. Taski moja ya Zapier ni ghali kuliko operesheni moja ya Make, kwa hiyo 4,000 za Make kwa kawaida zitakugharimu kidogo kuliko 3,000 za Zapier. Jedwali linaonyesha gharama itakua upande gani kazi ikiongezeka, na hilo ndilo linalowashtua watu baada ya miezi michache ya kuitumia.

Tazama safu ya mwisho. Kazi ya kupitia orodha ndefu, mtu mmoja mmoja, ndiyo inayotofautisha zana hizi kuliko kitu kingine chochote. Kwenye Make, moduli ya kutafuta ikirudisha vipande 200, kila moduli inayofuata inafanya kazi mara 200. Ukiwa na moduli tatu baada yake, umeshatumia 600 kwa kubofya mara moja. Kwenye n8n vipande vyote 200 hupita pamoja ndani ya safari ileile.

Mizani ya n8n nayo ina upande wake mbaya. Weka mtiririko unaoamka kila dakika kuangalia kama kuna jambo: mara 1,440 kwa siku, 43,200 kwa mwezi, na kila moja ni safari iliyohesabiwa hata kama imelala tena papo hapo. Zapier, kichujio kikiuzuia mtiririko, hupotezi taski hata moja. Kwa hiyo mwenye kazi chache zenye hatua nyingi atafurahia n8n. Mwenye kazi nyingi zinazoanza na kuishia njiani anaweza kukuta Zapier haikuwa ghali kama inavyosemwa.

Ikikatika katikati

Itakatika tu. Huduma ya barua pepe itagoma dakika mbili, mtu atabadili jina la safu kwenye lahajedwali bila kumwambia yeyote, ruhusa ya akaunti itaisha muda. Tatizo ni kwamba mstari wa mtu yule umeshaandikwa, barua haijaenda, na ukiamua kuurudia mtiririko mzima ataandikwa mara ya pili.

Zapier ina historia unayoweza kuifungua na kurudia pale palipokwama, na vifurushi vya kulipia vinaweza kujirudia vyenyewe. Ni rahisi, haikuulizi maswali, na haikupi uamuzi mwingi.

Make ndiyo iliyofikiri zaidi hapa. Kwenye moduli yoyote unaweza kuning'iniza tawi la kushughulikia kosa na kuchagua: puuza uendelee, weka thamani mbadala, hifadhi safari hiyo isiyokamilika ijaribiwe tena baadaye, au rudisha kila kitu kilivyokuwa. Hilo la mwisho lina kikomo ambacho wageni hawakioni: hufanya kazi kwenye programu zinazokubali kutenguliwa tu, hasa hifadhidata. Barua iliyokwisha kutumwa haiwezi kurudishwa, hata ubofye nini.

n8n ina jambo moja dogo ninalolipenda kuliko yote. Ukifungua safari iliyoshindwa, inakupa njia mbili za kurudia: kwa mtiririko kama ulivyokuwa siku ile, au kwa mtiririko kama ulivyouhifadhi sasa. Unarekebisha jina la safu, unahifadhi, unarudia kwa toleo jipya, na data ya siku ile bado ipo. Anayetumia zana hizi kila siku atajua ni usiku mangapi jambo hilo limeokoa. Unaweza pia kuwa na mtiririko wa pekee unaoamshwa na kosa la mtiririko wowote mwingine na kukutumia taarifa.

Vyovyote utakavyochagua, ongeza kwenye lahajedwali safu inayoitwa "imetumwa", na hatua ya barua iitazame kabla ya kutuma. Safu hiyo moja inazuia barua mbilimbili kwenye zana zote tatu.

"Bure" ya n8n

Watu wengi huijia n8n kwa sababu wamesikia ni bure. Ni kweli kwa kiasi. Leseni yake inakuruhusu kuitumia bila malipo kwa shughuli za ndani za biashara yako, na msimbo wake unaonekana, lakini si chanzo huria kwa maana kamili: huwezi kuichukua, ukaiweka kwenye seva na kuwauzia wengine kama huduma yako. Anayepanga kujenga biashara juu yake aisome leseni hiyo yote.

Kisha kuna kuilea. Ukiiendesha kwa Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya visanduku vinavyoitwa kontena, na ukasahau kuambatisha hifadhi ya kudumu kwenye folda ya /home/node/.n8n, siku kontena likifutwa mitiririko yako inafutika nalo. Ndani ya folda hiyo kuna ufunguo wa usimbaji, na ufunguo huo ndio unaofungua nywila na ruhusa zote ulizohifadhi. Mtu anaweza kuwa na nakala nzuri kabisa ya hifadhidata, akairejesha kwenye seva mpya, akakuta mitiririko ipo yote lakini hakuna akaunti hata moja inayofunguka, kwa sababu ufunguo ulibaki kwenye seva iliyokufa. Uandike pembeni, mahali salama, siku hiyohiyo ya kwanza.

Jambo jingine linalowatesa wapya: kila webhuku ya n8n ina anwani mbili, moja ya majaribio na moja ya kazi halisi. Ya majaribio husikiliza tu wakati umeufungua mtiririko na kuuambia usikilize. Ukimpa mwenzako anwani yenye neno "webhook-test" ndani yake, kila kitu kitaonekana kizuri mchana mnapojaribu, na usiku kimya kitatawala.

Kama hakuna mtu kwenye timu ambaye kazi yake ni kusasisha seva, kutunza nakala na kuamka ikizima, lipia n8n ya wingu au nenda Make. Seva ya bei nafuu isiyo na mlezi ni ghali.

Zilizobaki kwa haraka. Power Automate inafaa kama ofisi yenu tayari inaishi ndani ya Microsoft 365, la sivyo usihangaike nayo. Kiunganishi cha kawaida kabisa cha HTTP, cha kuongea na huduma yoyote ya wavuti, kimewekwa kwenye kundi la kulipia zaidi. Ina silaha moja ambayo wenzake hawana kwa kiwango hicho: toleo la kompyuta ya mezani, linalokuja na Windows 11, linaloweza kubofya na kuandika ndani ya programu za zamani zisizo na mlango wowote wa kuunganishwa. Kwa mfumo wa hesabu wa kizamani hilo ni mkombozi. IFTTT ni ya taa na spika za nyumbani. Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013, ni chanzo huria cha kweli na bado ni chaguo langu kwa vihisi na mashine, ingawa kwa fomu na barua pepe n8n haichoshi kama Node-RED.

Upande wa kutengeneza

Hapa swali la kwanza ni data yako ipo wapi sasa. Kama ipo kwenye lahajedwali na watumiaji ni watu wa ndani, anza na AppSheet, ambayo Google iliinunua Januari 2020. Inasoma lahajedwali, inabuni fomu na orodha yenyewe, na inafanya kazi bila mtandao kisha kusawazisha mawimbi yakirudi. Kwa wakaguzi wa ghala au watu wa shambani sifa hiyo peke yake inatosha kufunga mjadala. Unaweza kuijaribu na watumiaji hadi kumi kabla ya kulipa. Sura yake haibadiliki sana: aplikesheni zote za AppSheet ni ndugu, utazitambua kwa uso.

Mambo mawili ya AppSheet yafanywe mwanzoni. Usiruhusu namba ya mstari iwe utambulisho wa rekodi, maana mtu akifuta au kupanga upya mistari, rekodi zinabadilishana majina. Tumia UNIQUEID(), fomula inayoipa kila rekodi utambulisho wake wa pekee. Pili, kipande cha data (slice) kinachoonyesha kila mtu rekodi zake tu si ulinzi. Kinaficha kwenye skrini, lakini data nyingine imeshashuka kwenye simu. Ulinzi wenyewe ni kichujio cha usalama, ambacho huzuia data kabla haijaondoka kwenye seva. Tofauti hiyo imeandikwa wazi kwenye mwongozo wao, na ni wachache wanaoisoma.

Glide ni nzuri zaidi kwa macho na haraka kuliko AppSheet, ila kinachotoka ni aplikesheni ya wavuti. Mteja akikuambia anataka kuiona kwenye App Store, mmeishia hapo.

Power Apps, ya Microsoft, ina mtego mmoja unaostahili aya yake. Unaandika fomula ya kuchuja rekodi, inafanya kazi, unasifiwa. Kama chanzo cha data hakiwezi kuifanya fomula hiyo chenyewe, Power Apps huchukua rekodi 500 za mwanzo na kuchuja hizo tu. Unaweza kupandisha kikomo hadi 2,000, basi. Ukiwa na rekodi 300 hutaona chochote. Rekodi ya 501 ikiingia, haionekani kwenye matokeo, na hakuna ujumbe wa kosa unaomtokea mtumiaji. Anayetengeneza huonywa kwa mstari chini ya fomula. Mstari huo usiupuuze.

Lahajedwali kama hifadhidata lina mipaka yake pia, na si hadithi za kutishana. Oktoba 2020 Uingereza ilikosa karibu wagonjwa 16,000 wa Covid-19 kwenye takwimu zake kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, unaokomea mistari 65,536. Ukiona data yako inakua kila siku na ina uhusiano wa meza nyingi, hamia kwenye hifadhidata kamili kabla ya kuchagua kiolesura.

Bubble ni ya anayetaka bidhaa ya wavuti yenye watumiaji wa nje, akaunti, malipo na mantiki yake. Uwezo wake ni mkubwa kuliko wote niliowataja, na ugumu wake pia. Mtu akikuambia utaimudu wikendi moja, anauza kozi. Mwaka 2023 ilibadili utozaji na kuanza kupima mzigo wa kazi, kwa hiyo ukurasa unaotafuta data ovyo sasa una bei. Kanuni za faragha za kila aina ya data unaziweka wewe. Usipoziweka, mwenye ujuzi kidogo anaweza kusoma rekodi ambazo kurasa zako hazionyeshi.

FlutterFlow ni ya simu kwanza. Inazalisha msimbo wa Flutter, na kwenye vifurushi vya kulipia unaupakua. Ukitaka kufika madukani, weka bajeti ya Apple, dola 99 kwa mwaka, na ya Google Play, dola 25 mara moja. Data huishi Firebase au Supabase, huduma za kuhifadhi data mtandaoni, kwa hiyo utajifunza kitu cha pili upende usipende. Kwa anayejifunza tu, hasa wanafunzi, sina haja ya kuzunguka: MIT App Inventor, vitalu vya rangi, bure.

Na hizi za kuandika maelezo tu?

Lovable, Bolt, Replit na wenzao hukuandikia msimbo ukieleza unachotaka. Kwa kielelezo cha kumwonyesha mteja kesho, hazina mpinzani. Kwa data halisi, punguza kasi. Julai 2025 wakala wa Replit alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika ya mwekezaji Jason Lemkin, katikati ya kipindi ambacho alikuwa amekatazwa kubadili chochote, na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Kilichokosekana ni kitu cha kawaida, yaani kutenga hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Ukitumia zana hizi pamoja na Supabase, kagua kwa mkono kama ulinzi wa mstari kwa mstari, unaoamua nani aone mstari upi, umewashwa kwenye kila meza. Akili mnemba inaweza kukuambia umewashwa.

Faida kubwa ya zana hizi ni moja ambayo Bubble haina: unachopata ni msimbo wa kawaida, na msimbo unabebeka.

Siku ya kuhama

Zana hizi hufa. Yahoo Pipes, iliyokuwa ikifanya mengi ya haya tangu 2007, ilifungwa 2015. Parse, huduma ya kuhifadhi data za aplikesheni za simu, ilinunuliwa na Facebook 2013. Januari 2016 ikatangazwa kufungwa, mwaka mmoja baadaye ikazimwa. Google App Maker, zana ya Google ya kutengeneza aplikesheni, ilitangaziwa kifo chake Januari 2020, mwezi uleule Google iliponunua AppSheet, na ikazimwa 19 Januari 2021. Waliokuwa na data kwenye Cloud SQL, hifadhidata ya Google, walibaki nayo. Aplikesheni zenyewe walilazimika kuzijenga upya.

Kwa hiyo linganisha pia hivi. FlutterFlow inakupa msimbo. AppSheet na Glide zikisoma lahajedwali lako, data haijawahi kuondoka kwako, ingawa fomula na skrini zitabaki kwao. n8n inakupa kila mtiririko kama faili ya JSON, yaani ya maandishi yaliyopangwa, inayofunguka kwenye n8n yoyote, ya kwao au ya kwako. Make nayo inatoa faili, ila haifunguki popote isipokuwa Make. Bubble inakuruhusu kutoa data kama CSV, faili rahisi ya jedwali. Aplikesheni yenyewe haitoki. Airtable, lahajedwali la mtandaoni linalofanya kazi kama hifadhidata, vilevile: CSV itakupa majibu ya fomula, fomula hazimo, na otomatiki ulizojenga hazimo.

Jaribio lake ni dogo. Siku ya kwanza, ukiwa na rekodi kumi za uongo, bofya kitufe cha kutoa data, fungua kilichotoka kwenye programu nyingine, na uangalie kama viunganishi kati ya meza bado vinasomeka au vimegeuka majina matupu. Hicho utakachokiona ndicho utakachotoka nacho ukiwa na rekodi elfu kumi.